Kipoyi Yenye Haikuimba

Walikale, siku ya mungu tarehe 2 Novemba 2025

Mama Valentin, shemeki yangu,

Mimi nilikukosea. Ninaandika ile mbele ya salamu, juu nikianza na salamu nitazunguka, nitauliza maharagi iko aje, nitauliza mvua, na karatasi itaisha. Nilikukosea wewe, na nilimukosea Evode bwana yako, mwenye alikuwa rafiki yangu kupita ndugu wa tumbo moja.

Sasa salamu. Niko muzima. Kétsia mutoto wangu alipata masomo huku. Tunaishi karibu na soko, ninabeba watu na pikipiki kama zamani. Telefone ninaogopa, ku baryeri ya askari wanaifungua na kusoma kila kitu. Njo maana ninamupa barua Mama Anne, ule wa Butembo mwenye kuuzisha chumvi na samaki ya kukauka. Ataiweka mu mufuko ya samaki, hakuna askari mwenye anapenda kuingiza mukono mule. Majina ya wenye bunduki sitaandika. Wenye kushika barabara nitawaita wa barabara, wenye kushika musitu nitawaita wa musitu. Wewe utaelewa.

Ile siku ya kipoyi, mulinitafuta. Mukasine bibi ya Shema alikuwa na uchungu tangu jana yake, mutoto anakataa kutoka, na ilikuwa lazima chama yetu ya wabebaji imubebe ku kipoyi, ile kitanda ya miti, mpaka lopitali. Ilikuwa zamu yetu mimi na Evode, mbele. Unajua vile watu walituchekaka, eti kipoyi njo ilituoa, juu urefu wetu ni moja. Mbele ya kipoyi ni lazima watu wawili wa urefu moja, bila vile kitanda inainama na mugonjwa anateleza. Mulinipigia filimbi. Sikutokea. Evode akaenda bila mimi.

Sikutokea juu wa barabara walikuwa wamenikamata ku baryeri, na nyinyi mulifikiri niko ku safari za pikipiki. Walichukua pikipiki, wakaniambia tuoneshee njia za milima, tutakurudishia. Ile asubui nilikuwa nao juu ya mulima, upande ya pili ya kijito. Ile bombe ilitoka karibu yangu. Niliisikia ikienda. Iliua watu watano wa chama yetu, na Evode ndani yao.

Kisha nikakimbilia huku bila kukuona, bila kukaa chini na kulia na wewe.

Kuna neno ingine, lakini leo kalamu inanikatalia. Niambie kwanza, Shema na bibi yake wako aje? Na Valentin?

Ni mimi Jérôme, Papa Kétsia


Lushebere, tarehe 9 Novemba 2025

Papa Kétsia,

Barua yako ilinuka samaki mpaka paka ya jirani ikanifuata. Niliisoma, nikalia, kisha nikacheka ile fasi unasema kipoyi iliwaoa. Evode alinisemeaka wewe njo bibi yake ya kwanza, mimi nilikuya nyuma.

Sikiliza. Unasema ulinikosea juu hukubeba siku ile. Ile nimekusamehe. Muntu mwenye wamekamata ku baryeri atabeba namna gani? Chama ilikupiga amende ya kulipa bidon moja ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, juu walifikiri ulikwepa. Nitawaelezea, wataifuta, hata kama wengine watalilia ile kasiksi. Na kama ungekuwa pale, ningelia watu sita pahali pa watano. Usijiue roho.

Mwenye alitukosea ni mwingine. Hapa watu wanasema ni Shema. Wanauliza, namna gani bombe inapiga wabebaji na bibi yake anapona? Walikuwa wamefika ku kijito, wakatua kipoyi chini ya mianzi, wanaume wakashuka kunywa maji, na bombe ikawakuta pale wote pamoja. Mukasine akazaa palepale chini ya mianzi, bila muntu wa kumushika mukono. Na Shema hakukuwa pamoja na wabebaji. Alikuwa ametangulia lopitali kutafuta kitanda. Sasa wanasema alitangulia juu alijua. Na vile kabila yake haiko yetu, maneno inapata miguu haraka.

Mutoto, Shema alimupa jina Evode. Wengine wanasema ile ni heshima, wengine wanasema ni kujificha. Mimi sijue. Kuna siku ninaamini maneno ya watu. Kuna siku ninamuona ule mutoto ku mugongo ya mama yake, na ninashindwa kuamini.

Valentin aliacha masomo mwaka ya sita. Alikuwa anataka kuwa mwalimu. Leo iko mu musitu na wenzake. Kilio ya baba yake itamalizika siku ya posho, jumamosi tarehe 29, tutavua nguo nyeusi. Alituma neno: siku moja mbele ya ile, siku ya tano, atashuka kwa Shema. Anasema yeye hatavua nguo nyeusi mbele damu ya baba yake ilipwe.

Mimi sitake kumaliza kilio kwangu na kuianzisha kwa jirani. Lakini hanisikie. Anasema mimi ni mama, ninaogopa. Wewe anakuheshimuka. Umuandikie. Mama Anne anajua soko kwenye wa musitu wanakuyaka kununua chumvi.

Benita, Mama Valentin


Walikale, tarehe 13 Novemba 2025

Valentin, mwana wangu,

Mama yako ananiambia unataka kushuka kwa Shema. Ninakuomba usiende. Shema hakuuzisha muntu.

Mimi nilikaa na wa barabara majuma mbili, walinikamata na nguvu, mama yako atakuelezea. Acha nikuambie kitu niliona kule. Akili wako nayo. Wako na droni yenye kulia juu kama nyuki, wako na bombe za kutoka mulima moja mpaka ingine, na viatu muzuri. Siku moja tulipanda mulima mukubwa, watu kama mia, juu walisikia wa musitu wako kule. Tulifika, hakuna muntu. Ni mama mumoja tu muzee anapalia maharagi. Komanda akamuuliza wako wapi. Mama hakuinua hata kichwa. Akasema, "Wenye munatafuta wako kwenye munatafuta. Hapa niko mimi na maharagi."

Tukalala juu ya ule mulima. Chakula ikaisha, maji iko chini, mvua inapiga. Tukashuka. Mbele tufike barabara, tukasikia wa musitu wamesharudi pale, wanapika.

Komanda hakuwa muntu mubaya wa kupiga watu bure. Alichoka. Siku moja tukiwa tumekaa akaniuliza, mimi muntu wa pikipiki, "Jérôme, kila siku tunashinda. Juu ya nini vita haiishe?" Jibu niliijua, kila mwenye kulima kwetu anaijua. Unaona rumbugu, ile majani mubaya ya shamba? Ukiikata na jembe, umeipanda. Kila kipande inaota. Wa barabara wanaweza kufika kila fasi. Kukaa njo hawaweze. Na kila fasi wanapita, wanaacha muntu mwenye jana hakukuwa adui yao.

Wewe uko mumoja wa vile vipande. Sikutukane. Lakini ukimuua Shema, na wewe utakuwa umeshika jembe. Ule mutoto mwenye alizaliwa ku kijito ataota siku moja, na atakutafuta wewe.

Sikiliza baba yako mudogo. Si Shema. Ninajua.

Jérôme, Papa Kétsia


Mu musitu, tarehe 17 Novemba 2025

Papa mudogo,

Barua yako niliwasomea wenzangu ile fasi ya mama na maharagi. Walicheka mpaka mukubwa wetu akakuya kuona ni nini. Ule mama tunamujua. Siku ile alikuwa anapalia juu ya bunduki zetu tatu, zilikuwa chini ya udongo. Kwa ile, asante.

Ya rumbugu umesema kweli, lakini umesahau kitu. Wa barabara wanapigana ili siku moja warudi kwao. Sisi tuko kwetu. Hatuna haja ya kuwashinda. Tunataka tu kesho asubui tukuwe bado pale. Mukubwa wetu anasemaka mwenye kupasua mawe anachoka, jiwe haichoke. Mimi ninalala mu matope, nilipata malaria mbili, wenzangu wawili tulizika bila sanduku. Usifikiri ninaona iko muzuri. Ninakuambia tu vile iko.

Sasa tuseme ya baba. Ile asubui ukungu ilikuwa mingi, droni haikuruka. Wenye kusikia tuliisikia ikinyamaza. Kwa hiyo muntu aliwaonesha. Jeshi ikuwe kubwa namna gani, ku milima yetu iko kipofu mpaka muntu wa kwetu aiazime jicho. Ule mwenye aliiazima jicho, mimi nitaifunga.

Unasema si Shema, unasema unajua. Nilisoma mpaka mwaka ya sita, Papa mudogo. Muntu mwenye kujua si huyu, anajua ni nani. Niandikie jina. Mahubiri niliyasikia ya kutosha ku kilio. Jina ikikosa kufika, siku ya tano tarehe 28, jua ikianza kupanda, niko kwa Shema na wenzangu.

Ulikuwa unanipakia mbele ya pikipiki nikiwa kadogo. Ile sijasahau. Njo maana nimekujibu.

Valentin


Lushebere, tarehe 18 Novemba 2025

Papa Kétsia,

Haraka haraka, Mama Anne anangoja ku mulango na anasema mvua itamukamata.

Nilienda kwa Shema kumuambia akimbie. Nilimukuta anachonga miti. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kipoyi mupya, juu ile ya zamani ilivunjika ku kijito, na tangu pale hakuna muntu alitengeneza ingine, na wamama wanaendelea kuzaa. Peke yake anachonga. Watu wanapita mbele yake, hakuna mwenye anamusalimia.

Nikamuambia yote, siku na saa. Akaweka panga chini. Akasema, "Mama Valentin, nikikimbia watasema ni kweli, na watoto wangu watabeba ile jina mpaka wazeeke. Nikibaki, nitakufa na jina yangu." Akakamata panga tena, akaendelea.

Mukasine akaniwekea mutoto ku mapaja. Anacheka na kila muntu, ule mutoto, hachague.

Ulimuandikia Valentin nini? Tangu barua yako yeye iko mukali zaidi. Alinitumia neno eti Papa Kétsia anaficha muntu. Kama unajua kitu, juu ya nini unanificha mimi? Ni neno gani kalamu ilikukatalia?

Benita


Walikale, tarehe 20 Novemba 2025

Mama Valentin, na wewe Valentin,

Hii barua niliiandika mara mbili, kila mumoja yake, na maneno ni zilezile. Sikutaka mumoja amusomee mwingine na kuruka fasi.

Valentin, uliomba jina. Jina ni Jérôme.

Tulikuwa juu ya mulima, komanda, kijana wa redio na mimi. Ukungu ikafunguka kidogo, tukaona watu wanashuka kwa mustari, wamebeba kitu ndefu yenye kufunikwa na shitingi ya plastiki. Komanda akaniuliza ile ni nini. Akanipa darubini. Mimi ni muntu wa kipoyi tangu ujana. Kipoyi inaimbaka, ni sisi wabebaji tunaimba. Inaimba ili watu watoke mu njia, inaimba ili wa kilima ya mbele wasikie na wakuye kupokea. Ile haikuimba. Kipoyi ya kwetu inaenda imenyooka. Ile ilikuwa imeinama upande, sawa vile chuma nzito mu mikono ya watu wenye hawajazoea. Kwa hiyo nikasema, "Haiko kipoyi. Ni silaha." Muntu mwingine angeona watu na mugonjwa. Mimi mwenye kujua, njo nilikosea.

Kisha nilifahamu. Hawakuimba juu walituogopa sisi wa juu, wasisikiwe. Na iliinama juu fasi yangu ya mbele waliweka Akilimali, ule mufupi, Mungu amupokee na yeye. Kama ningekuwa chini na Evode, ingenyooka. Ile niliona mu darubini ilikuwa pengo yangu mimi mwenyewe, na nikaiita silaha.

Kama ingekuwa ile tu, ningewaambia macho yalinidanganya, na labda mungenihurumia. Lakini haiko ile tu. Walifika ku kijito, wakatua. Wakaanza kushuka ku maji. Mumoja akabaki nyuma kidogo, mukono moja ku kiuno, na ingine anapangusa nayo shingo, polepole, kama muntu mwenye hana mbio. Mama Valentin, wewe unajua ni nani anafanyaka vile kila akitua muzigo. Mimi pia nilijua. Kijana wa redio alikuwa bado anasoma namba za kuelekeza bombe. Wakati ilikuwako. Ilikuwa neno moja, kusema muache, ni watu wangu. Nikafikiri nikisema, watasema ninawaficha, watanifunga, na pikipiki itapotea. Nikarudisha darubini. Nikaangalia viatu vyangu.

Siku ile ile walinirudishia pikipiki. Komanda akanishukuru. Akasema ku redio eti wa musitu wamepungua watano. Juma haijaisha, vijana tisa wa kilima yetu walikuwa wameingia musitu, na wewe Valentin wa kwanza. Komanda aliniuliza juu ya nini haiishe, na jibu ilikuwa imekaa pembeni yake, inangoja pikipiki.

Mama Valentin, ulinisamehe kitu yenye haikuwa kosa yangu. Nilisoma ile "usijiue roho" na nilifurahi. Nililala vizuri ile siku, ya kwanza tangu nifike huku. Unaona niko muntu wa namna gani. Na Shema, tangu mwezi wa tatu nilisikia hapa ku soko watu wa kwetu wanasema ni yeye. Nilinyamaza. Ile uongo ilikuwa shitingi yangu, nilijifunika nayo. Nilikuandikia barua ya kwanza juu nilisikia kilio inakaribia kuisha, na hata pale nikakupa nusu, nikatumaini nusu itatosha kumuokoa Shema na kuniokoa na mimi. Hakuna barua ya kuokoa wote wawili. Nimeona.

Valentin, sikuombe usinifanye kitu. Ile ni yako, na nimepoteza haki ya kukuhubiria. Ninakuomba kitu moja tu. Usiniue mu njia, mbele nifike. Mukinifunga mu musitu na nikafia kule, watu wataendelea kusema ni Shema, na watasema mulimuua Jérôme juu alimutetea. Niache niseme mbele ya watu, na kinywa yangu, wanisikie. Kisha uamue.

Kétsia ninamuacha kwa Mama Anne. Sikumuambia yote. Nilimuambia ninaenda kubeba zamu yangu, akaniuliza utarudi lini, nikamuambia kipoyi haijulikanake saa ya kurudi. Pikipiki inabaki hapa. Kwa ile pikipiki nilinyamaza, haitanipeleka kusema.

Ninatoka siku ya mungu tarehe 23, na miguu, njia ya musitu, nikiacha barabara. Mama Valentin, nifanyie kitu hii hata kama umenichukia: siku ya tano, muambie mupiga filimbi wa chama apige kama vile kuko mugonjwa wa kubeba, ili watu wote wapande kwa Shema. Shema umuambie asifunge mulango.

Valentin, tarehe 28, jua ikianza kupanda, ukifika pale na wenzako, mutakuta muntu amekaa ku kizingiti. Nitakuwa nimefika mbele yenu. Ili umufikie Shema, lazima unipite mimi kwanza, na mimi nitakuwa ninasema.

Jérôme